Mishale Niliyoipaka Rangi ya Geti

Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, alifika uzeeni na meno yake yote thelathini na mawili, na hakuna hata moja lililokaa bure. Kwa meno yale alifungua chupa, alimenya muwa, alikata waya. Nina hakika angeng'oa msumari ukutani kama mtu angemwomba kwa adabu. Lakini kazi yao kubwa ilikuwa mishale. Fundi wa mishale anahitaji mikono mitatu: mmoja wa kuzungusha mshale wenyewe, mwingine wa kubana manyoya yasiteleze, na wa tatu wa kuvuta uzi ukaze wakati unajiviringa. Mjomba alikuwa na miwili kama sisi sote, basi uzi aliubana kwa magego ya upande wa kushoto, akifanya kazi huku akikuhadithia habari kwa upande wa kulia.

Gego moja kati ya hayo halipo tena. Koleo lilikuwa mkononi mwa muuguzi, lakini aliyeling'oa ni mimi.

Sisi ni watu wa milima ya Masisi, watu wa maharagwe na mihogo, tuliohamia Buleusa, upande wa Walikale, wakati kule juu kulipokuwa hakukaliki. Buleusa tulipokewa vizuri na kila mtu isipokuwa nguruwe wa porini. Wale nguruwe hawaibi mihogo, wanavuna. Wanaingia shambani kwa mstari kama wafanyakazi wa kampuni, kiongozi mbele, na nadhani wana mtu wa kuandika waliofika na waliokosa. Lazima uwaue ao ule majani. Na kwetu bunduki si kitu cha kutembea nacho, maana wa kwanza kukukuta nayo atakuuliza uko wa kundi gani, na jibu lolote ni baya. Upinde hauulizwi kitu. Kwa hiyo tunawinda kwa upinde kama babu zetu.

Mishale ndiyo, ao njo kama tunavyosema sisi, ilikuwa tofauti. Mjomba alipohama kutoka Kitshanga alibeba mzigo ambao watu waliucheka njia nzima: antene za televisheni. Zile za zamani, zilizokaa juu ya paa kama mifupa ya samaki, ambazo watu walizitupa walipopata masahani ya setilaiti. Alikuwa amegundua kwamba vijiti vyake ni mirija ya alumini, myepesi, iliyonyooka, isiyooza kwa mvua kama matete. Alivikata, akatia kigumba cha chuma mbele na manyoya ya kanga nyuma, akafunga kwa uzi uliopakwa nta. Siku ya kwanza wawindaji wa Buleusa walipouona mshale ule, mmoja alimuuliza:

"Papa, unawinda nguruwe ao unatafuta picha?"

"Picha niliisha kupata," mjomba akasema. "Iko mu chungu. Kuja uangalie."

Tangu siku ile nusu ya kijiji walimletea pinde zao awatengenezee mishale.

Alumini ina kasoro moja: inapinda. Ukipiga jiwe, inapinda. Ukipiga mzizi, inapinda. Kila baada ya windo nilimpelekea mjomba mishale yangu iliyopinda, naye aliinyoosha kwenye ubao wake wenye mfereji, akifumba jicho moja, akigonga taratibu. Na wakati anagonga aliisoma. "Hii ulipiga jiwe. Hii ulipiga muti, tena muti mukubwa, namna gani ulikosa kuuona? Hii ulipiga udongo, nguruwe alikuwa ameisha kwenda zake kula." Hakusema kwa ubaya. Lakini hadharani, watu wakiwa wamekaa, wakicheka mpaka wanashika miti. Makosa yangu yote yalipita kwenye ubao ule.

Na mimi wakati ule nilikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa nimepata diplome ya serikali kwa masomo ya jioni, kule Kitshanga, nikiwa na miaka thelathini na minne na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Mjomba ndiye aliyeizungusha ile diplome nyumba kwa nyumba ndani ya mfuko wa plastiki. "Mutoto yetu anajua kusoma hata makaratasi ya dawa!" Basi watu waliniletea kila kitu chenye maandishi: boksi la redio, barua ya parokia, karatasi ya sumu ya panya. Nilisoma vyote kwa sauti, na pale maandishi yalipokuwa mafupi niliongeza yangu. Mtu wa namna ile kusomwa kwenye ubao na mzee asiyejua hata a, e, i, kuliniuma. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mwaka mmoja nilisafiri hadi Mubi kwa mambo ya harusi ya shemeji. Barabara ile ina mashimo ambayo pikipiki ikiingia moja inatoka ikiwa na mtoto. Nilifika nikiwa na rangi ya udongo tangu nywele hadi soksi, nikaingia duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, papa mnene mwenye rozari iliyoning'inia juu ya mizani, anayeuza kila kitu kutoka misumari hadi sare za kwaya. Nyuma yake, juu ya rafu, kulikuwa na boksi refu jembamba. Ndani yake mishale. Myeusi tii, myembamba, laini kama fimbo ya mwalimu mpya.

"Ilikuja ndani ya baluti, ule mufungo ya mitumba," akasema, "pamoja na viatu vya kutelezea mu teluji. Viatu viliuzwa. Hii, batu banaiogopa. Banasema iko ya bachawi."

"Iko ya karboni," nikasema, kwa sababu iliandikwa kwenye boksi.

"Weye unaijua?"

Sikuijua. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama watu kama wanane, mnaosoma wekeni mia, na ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa lugha sita, mojawapo Kifaransa. Niliifungua nikaisoma kama padri siku ya Pasaka. Ilisema karboni haipindi: ama imenyooka, ama imevunjika. Ilisema kabla ya kila kupiga, uukunje mshale kidogo karibu na sikio, na ukisikia ukilia kama kuni kavu, uuvunje na kuutupa, maana una ufa. Ilisema mshale ukivunjika ndani ya mnyama, ukate nyama yote inayozunguka tundu na kuitupa mbali, kwa sababu unabakiza vibanzi vyembamba vinavyoweza kumjeruhi mlaji. Niliyatafsiri yote hayo kwa mikono na macho. Kwenye vibanzi nilijishika koo na kutoa ulimi. Watu walipiga makofi.

"Ee, weye njo docteur ya mishale," mfanyabiashara akasema.

Nikatoka na mishale sita, na karatasi ndani ya mfuko wa shati.

Neno lililonishika ni moja tu: haipindi. Mshale usiopinda hausomwi na mtu.

Nyumbani niliijaribu kwenye mgomba nyuma ya nyumba. Mshale wa kwanza ulipita juu ya mgomba, juu ya ua, juu ya choo cha jirani, na sijui kama umeshatua. Ni mwepesi mno kuliko alumini, na upinde wetu unaurusha kama unaukasirikia. Nilikaa wiki mbili nikijifunza upya. Nilitia vipande vya misumari na utomvu ndani ya ncha ili kichwa kiwe kizito, nikahamisha mahali pa kulenga, na mwishowe ile mitano iliyobaki ikaanza kwenda ninakotaka. Ilikuwa mizuri, nisidanganye. Ilikwenda kimya na moja kwa moja.

Kilichobaki ni kumwambia mjomba. Na hapo njo nilifanya akili ya masomo ya jioni. Nilikwenda kwa fundi wa milango, nikaomba mabaki ya rangi ya fedha, ile wanayopaka mageti, nikaipaka mishale yote mitano tangu ncha hadi manyoya. Ilipokauka, ukisimama hatua kumi hujui kama ni karboni ao antene. Nikaitia kwenye podo pamoja na miwili yake ya zamani, na nikawa mwangalifu asiishike hata mara moja, maana kwa uzito angeijua akiwa amefumba macho.

Miezi miwili ikapita. Siku moja akaniuliza:

"Mishale yako haipinde tena?"

"Nimejifunza kulenga, mujomba."

Alinitazama, akatabasamu kwa meno yale yote. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimsikia akiwaambia watu uwanjani: "Ule mutoto hakosake tena. Miezi miwili, hakuna mushale hata moja ya kunyoosha! Mukono yake imekomaa." Wakaja kunipa mkono. Nikaupokea mkono wa kila mmoja.

Sasa lazima nieleze desturi, la sivyo mambo haya hayaeleweki. Kwetu mnyama akianguka, mwindaji hawezi kula nyama iliyozunguka tundu la mshale. Kipande kile, upana wa kiganja, ni cha aliyetengeneza mshale. Kinaitwa nyama ya mshale. Mwindaji anakikata mwenyewe, mbele ya watu, anampa fundi kwa mikono miwili, na mpaka fundi ameonja hakuna anayegusa kingine. Nimemwona mjomba akipokea kipande kile mara nyingi, kutoka kwa wawindaji wa kijiji kizima, na kila mara uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesomewa jina lake kwenye redio.

Asubuhi moja, mvua ndogo ikinyesha, nilimkuta nguruwe dume kwenye mihogo yetu. Alikuwa mkubwa kama lori, tena lori lililopakia. Mshale nilioweka kwenye upinde ulikuwa umegonga jiwe la kijito wiki iliyopita. Ningepaswa kuukunja karibu na sikio. Niliutazama tu: rangi ya fedha ilikuwa laini, haina mkwaruzo, kama geti la parokia. Nikavuta. Ulimwingia begani, akakimbia, akaangukia karibu na maji. Nilipouvuta mshale, ulitoka nusu.

Nusu nyingine ilikuwa ndani, na haikuwa mshale tena. Ilikuwa ufagio. Nilichimba kwa kisu nikatoa vibanzi vyeusi, vyembamba kama ndevu za paka, vingine virefu, vingine hata huvioni mpaka vikuchome. Nilijua ninachotazama. Karatasi ilikuwa kifuani mwangu, imekunjwa mara nne. Nikavitupa majini, na ile nusu niliyoivuta nikaitupa vilevile. Nikasema moyoni, nitakata ile sehemu nizike, halafu nitatafuta la kusema. Lakini majirani walikuwa wameshasikia, wakaja kumbeba wakiimba, na mimi nikaimba pia.

Uani, mjomba alikuwa ameshaketi kwenye kigoda chake. Alikuwa amebadilisha shati.

Nilikata kipande mbali kidogo na tundu, cha pembeni, kizuri, chenye mafuta. Akatikisa kichwa.

"Hapana pale. Kwa tundu."

"Hii iko na mafuta, mujomba."

"Mafuta njo nitafanya nini? Nataka ya mushale yangu."

Watu wote walikuwa wakisubiri wapewe nyama. Neno moja tu lilitosha. Mujomba, hii mushale haiko yako. Nilikuwa na diplome, nilikuwa na Kifaransa, nilikuwa na midomo ambayo haijawahi kufungwa tangu nizaliwe. Nikakata kwa tundu. Nikakiosha kile kipande mara tatu kwenye beseni, nikakibonyeza kwa vidole, nikakipindua mwangani. Mwanamke mmoja akacheka: "Angalieni, anaosha nyama sawa mutoto muchanga!" Wakacheka wote. Nikampa kwa mikono miwili.

"Na mushale?"

"Ilipotea mu maji."

"Pole. Nitakutengenezea ingine."

Alikichoma mwenyewe kwa chumvi, akala akinitazama, taratibu, kwa upande wa kushoto. Katikati akasimama, akagusa shavu. "Mufupa," akasema, akaendelea kutafuna. Akamaliza chote. Halafu akaruhusu wengine, na watu wakala, na wote wakasema nyama ile ilikuwa tamu. Mimi nilikula ugali na sombe ya majani ya mihogo.

Siku ya tatu shavu lake lilikuwa limevimba kama ameficha chungwa. Siku ya tano hakuweza kula uji. Nikampeleka kwenye kituo cha afya, mimi mwenyewe, nikimshika mkono njiani, na watu walisema tazama mpwa mwenye mapenzi. Muuguzi, dada mmoja mchapakazi ambaye peke yake ni daktari, mkunga na mng'oa meno, alimwashia tochi mdomoni.

"Papa, hii gego iko na usaha chini. Itatoka."

Mjomba akafunga mdomo. Akaufungua tena. "Dada, ile njo mukono yangu ya tatu." Akanigeukia. "Weye ulisoma. Muulize mu Kifaransa kama kuko njia ingine."

Nikamuuliza, kwa Kifaransa safi. Ninakumbuka nilivyopanga vitenzi. Dada akajibu kwa Kiswahili ili mzee asikie:

"Kama kintu kilimuchoma, tungekitafuta. Ulikula nini, papa?"

"Nyama ya mushale tu. Ile ya mutoto huyu."

Wote wawili wakanitazama, dada kwa jicho la kazi, mjomba kwa jicho la kujivuna.

"Pengine mufupa," nikasema.

Dada akatafuta mfupa kwa muda, hakuuona, akachukua koleo. Mjomba hakupiga kelele. Alinishika mkono tu, na ule mkono ulinibana hadi nikajua ana miaka mingapi ya kuvuta nyuzi. Gego lilitoka jeupe, zima, na mizizi yake yote mitatu. Dada akaligeuza kwenye mwanga.

"Mbona haikuoza?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe.

Alimpa mjomba. Mjomba alilifunga kwenye kitambaa.

Uvimbe haukutoka. Siku mbili baadaye nilimkuta uani na mshale mpya wa alumini, ule alioniahidi. Alikuwa ameweka uzi kwenye magego ya kulia. Akazungusha, uzi ukachomoka. Akaurudisha, ukachomoka, manyoya yakatawanyika. Mara ya tatu akaupeleka kushoto kwa mazoea, ukapita kwenye pengo, akaguna kwa maumivu. Akaacha mikono magotini. Ile njo ilinishinda. Angenitukana ningevumilia mwaka mzima.

Nikatoa karatasi mfukoni. Nikamwambia yote: Mubi, rangi, kijito, beseni. Nilizungumza haraka, bila kuongeza hata neno moja, na labda ni hadithi pekee ya maisha yangu niliyoisimulia kwa kipimo chake.

"Soma," akasema.

Nikasoma kwa Kifaransa.

"Geuza."

Nikageuza kwa Kiswahili. Vibanzi, mlaji, kutupa mbali.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Safari hii sikujishika koo.

"Kule Mubi uliisoma vile?"

"Ndiyo, mujomba."

"Batu balisikia?"

"Balipiga makofi."

Kisha akainuka, akachukua kofia. "Tukwende."

Safari hii dada alijua anachotafuta. Alimchoma sindano ya ganzi, akafungua ufizi kidogo, akatoa kitu kwa kibano akakiweka kwenye pamba. Ningependa kuwaambia kilikuwa kirefu kama mkuki. Nimevikuza vitu vyote katika maisha yangu, hata nguruwe yule, kusema kweli alikuwa wa kawaida. Lakini kibanzi kilikuwa kama nusu ya punje ya mchele. Cheusi, na upande mmoja kina chembe ya rangi ya fedha.

"Kama ungeniambia ile siku," dada akasema bila kuinua kichwa, "jino ingebaki."

Nilisikia. Mjomba pia alisikia.

Tulipofika nyumbani aliniambia nilete mishale ile. Nikaleta minne iliyobaki. Alichukua mmoja, akaupima kwa vidole viwili, nyusi zikapanda. Akaukunja karibu na sikio bila mtu kumwonyesha. Akakwangua rangi kwa ukucha mpaka weusi ukaonekana, akaugeuza, akaufumbia jicho moja.

"Iko muzuri," akasema. "Mwepesi. Imenyooka kushinda yangu." Akakwangua tena. "Sasa sababu ya nini uliipaka rangi?"

Nikaokota kipande cha chupa, nikaanza kukwangua ule wa pili.

Tuliikwangua wote wawili, mchana kutwa, kwa vipande vya chupa. Sasa inakaa kwenye podo ikiwa myeusi, kila mtu anaiona, na kabla sijaenda shambani mjomba anaikunja mmoja mmoja sikioni. Nyama ya mshale wa karboni inazikwa, na mjomba anapewa kipande kingine. Anakipokea kwa heshima, anatafuna kulia. Uso wa redio haujarudi.

Na kila Jumamosi ninakwenda kwake. Ananiketisha chini kushoto kwake, mahali palipokuwa pa gego, ananiwekea uzi mdomoni. Una ladha ya nta na moshi. Watu wanapita, wananitania: "Leo docteur hasemake?" Siwezi kujibu, nikifungua mdomo manyoya yanatawanyika. Yeye anazungusha mshale, polepole, na akihisi uzi umelegea ananigonga begani kwa kiwiko.

"Bana."

Ninabana.